Tulipogeuza Drumochter

Kaka yangu ni mtoto wa mama mkubwa. Amenitangulia kwa miaka tisa, na baiskeli ya kwanza niliyoendesha maishani alinishikia kiti yeye, akikimbia nyuma yangu mpaka niliposhika mwendo. Sikuwahi kumpinga waziwazi. Kwa hiyo siku nilipomwambia kwamba tunageuza, tukiwa tumebakiza kilomita tatu hivi kufika juu ya pito la Drumochter, njia inayopenya katikati ya milima, nilikuwa natetemeka kwa baridi na kwa woga wa kumvunjia heshima, na sikujua kipi kilizidi.

Ilikuwa siku ya sita ya safari yetu ya kukatiza nyanda za juu za Uskoti, mwishoni mwa Mei. Tulikuwa tunafuata Njia namba 7 ya mtandao wa taifa wa njia za baiskeli wa Uingereza. Kipande chake cha kutoka Glasgow hadi Inverness kina zaidi ya kilomita 300. Kinapita kando ya maziwa, kwenye misitu ya misonobari, juu ya reli zilizokufa zamani, na kwenye nyika ya mboji, ardhi iliyolowa ya mimea iliyokufa isiyooza, ambako unaweza kwenda nusu saa usione mti. Kaka ameishi nchi ile miaka mingi, na safari aliipanga yeye kwa kilomita: leo 50, kesho 45, keshokutwa 40. Mpango niliuamini kwa sababu ulikuwa wake.

Kilomita ndizo zilizotuponza. Siku tatu za kwanza nilishangaa kwa nini siku ya kilomita 50 tulifika tukiimba, na siku ya kilomita 40 tulifika hatuna hata hamu ya kula. Jioni moja nikachukua ramani ya karatasi na kalamu ya bluu, nikaanza kuichora mito peke yake, na kila mto nikauwekea mshale wa kuonyesha maji yanakwenda wapi. Hapo ndipo nchi ilipofunguka mbele ya macho yangu. Kutoka Callander unapanda na maji ya Teith, yanayokwenda kuungana na Forth. Ukishavuka bonde la Glen Ogle unateremka hadi Dochart, nao unaingia ziwa Loch Tay. Unashuka na Tay hadi karibu na Ballinluig, unageuka kupanda Tummel, kisha Garry. Juu ya Garry ndipo penye Drumochter. Ng'ambo yake maji yote yamebadili mwelekeo: Truim inaingia Spey, Dulnain nayo inaingia Spey, halafu unavuka Findhorn, halafu Nairn, ndipo ushuke Inverness.

Tangu jioni ile nimeacha kupanga safari ya milimani kwa kilomita. Napanga kwa mito. Ukipanda kinyume na mto mkubwa, mwinuko ni wa kistaarabu, kwa sababu mto umeshakutafutia mteremko mpole kwa maelfu ya miaka. Gharama iko pale unapouacha mto mmoja kwenda kuupata mwingine. Pale katikati pana mgongo wa ardhi, na juu ya mgongo ndiko kunakokaa upepo, mboji na mvua. Siku yenye migongo miwili ni siku nzito hata kama ina kilomita 35.

Glen Ogle ilinipa somo hilo kwa upole. Kutoka Lochearnhead unapanda kwa kona kali za kujikunja hadi kwenye tuta la reli ya zamani iliyokuwa ikienda Oban. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1965 baada ya mawe kuporomoka bondeni humohumo. Ukishalifika tuta, mapafu yanapumzika, maana garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali na waliojenga reli walilazimika kuutafuta mwinuko ambao injini itaumudu. Unapita juu ya daraja refu la mawe lililobandikwa ubavuni mwa mlima, barabara ya magari ikiwa chini yako upande wa pili wa bonde, na miguu inazunguka kama vile mlima haupo. Mtu yeyote anayeniuliza aanzie wapi nchi za milima kwa baiskeli, namwambia atafute reli iliyofungwa.

Kinyume chake ni barabara ya kusini mwa Loch Tay. Kwenye ramani ni mstari ulioshikamana na ziwa kutoka Killin kwenda Kenmore, nami nikajiambia kando ya maji ni tambarare. Kumbe barabara inapanda ubavuni, inashuka hadi kwenye kijito, inapanda tena, kijito kingine, na kila mpando ni mfupi na mkali. Hapo ndipo gia zangu zilipojulikana. Mbele nilikuwa na meno 36, na nyuma gia yangu nyepesi kabisa ilikuwa na meno 28. Kwa magurudumu yangu, mzunguko mmoja wa pedali ulinisogeza karibu mita 2.8. Ili nizungushe mara 60 kwa dakika, mwendo ambao magoti yanaupenda, ilibidi niende kilomita 10 kwa saa, na kwenda kilomita 10 kwa saa kwenye mlima wa asilimia 10, ukiwa na mzigo, ni kazi ya mwanariadha. Mimi si mwanariadha. Nilishuka nikasukuma, nikapanda, nikashuka tena. Baiskeli ya Kaka ilikuwa na meno 30 mbele na 34 nyuma. Kila mzunguko ulimsogeza chini ya mita mbili, akawa anapanda taratibu kwa kilomita 7 kwa saa, amekaa, anapumua kwa pua. Niliporudi kutoka safari hiyo, kitu cha kwanza kubadilisha kilikuwa gia. Mabegi mapya na nguo nzuri vilisubiri.

Mabonde yale yanalea. Maji ya vijito vinavyotoka nyikani yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya mboji, na yakipita juu ya mawe meupe yanang'aa kama gilasi ya kahawia. Huko Killin maporomoko ya Dochart yanapita katikati ya kijiji, chini ya daraja, na tulikaa juu ya mwamba mkubwa tukila mkate bila kusikilizana kwa kelele za maji. Aberfeldy kuna daraja la mawe juu ya Tay lililojengwa mwaka 1733 chini ya Jenerali George Wade, aliyetumwa kuwafungulia askari njia katika nyanda hizo. Tulilipita polepole, Kaka akigusa ukuta wake kwa kiganja. Pitlochry kuna bwawa la umeme ambalo pembeni yake wamejenga ngazi ya vidimbwi 34 ili samaki aina ya salmoni wapande kwenda kuzaliana. Tulisimama pale muda mrefu kuliko tulivyopanga. Nao wanapanda kidimbwi kwa kidimbwi na kupumzika kabla ya kingine.

Usubi nao wapo, na ni wa kuheshimiwa. Jioni isiyo na upepo, yenye unyevu, hasa karibu na maji, wanatoka kwa maelfu, na anayeuma ni jike. Upepo ukianza kuvuma kidogo tu hawawezi kuruka, kwa hiyo tukajifunza kupiga hema mahali palipoinuka panapopata upepo, tukaacha yale majani laini ya kando ya ziwa tuliyokuwa tunayatamani. Karibu na Loch Lomond, kati ya Machi na Septemba, yako maeneo ambayo lazima uwe na kibali kupiga hema, utaratibu ulioanza mwaka 2017. Kwingineko sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita na kulala porini kwa siku chache, mradi aheshimu mali na wanyama wa watu. Na kila jioni tulikaguana kupe, nyuma ya magoti na kwenye mikunjo, kwa sababu kupe wa kule wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Kupe anatolewa kwa kibanio, karibu kabisa na ngozi, bila kumminya tumbo.

Asubuhi ya siku ya sita tuliamka Blair Atholl. Tulichelewa. Breki ya nyuma ya Kaka ilikuwa inalia, akaamua kubadilisha raba zake, mimi nikaenda kutafuta chakula cha njiani, na tulipoondoka ilikuwa saa nne na nusu. Hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu kwenye daftari la Kaka siku hiyo ilikuwa na kilomita 38 tu hadi Dalwhinnie, na jua la Mei kule linatua usiku. Ramani yangu ya bluu ilikuwa inasema jambo jingine. Kati ya vijiji hivyo viwili kulikuwa na Garry yote ya juu, mgongo mkubwa kuliko yote ya safari, na hakuna duka wala paa la kujihifadhi. Mahali njia inapoanza kupanda kwa dhati pana bango linalowaonya waendesha baiskeli kwamba hali ya hewa inaharibika ghafla hata wakati wa kiangazi, na kwamba kwa kilomita 30 hakuna chakula wala mahali pa kujikinga. Tulilisoma. Kaka alilipiga picha. Tukaendelea.

Pito lile lina urefu wa mita 460 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa mtu aliyezoea kusikia habari za milima ya maelfu ya mita, namba hiyo haitishi. Lakini bonde linajibana, na kila kitu kinachotaka kwenda kaskazini lazima kipite hapohapo: barabara kuu ya A9, nguzo za umeme, reli ambayo kwa mita 452 ndiyo ya juu kuliko zote katika mtandao mkuu wa Uingereza, na upepo. Siku hiyo upepo ulikuwa unatoka kaskazini, ukiingia kwenye bonde kama maji kwenye mfereji. Tulianza kwa kilomita 14 kwa saa. Saa moja baadaye tulikuwa kwenye 9, kisha 7. Mvua ikaanza, nyembamba, ya ubavuni. Tulipofika palipo wazi kabisa, ikachanganyika na theluji laini iliyokuwa inayeyuka ikigusa nguo, na hiyo ni mbaya kuliko theluji kavu, kwa sababu inakulowesha.

Njia kule juu ni vipande vya lami ya zamani iliyopasuka na changarawe. Tairi za Kaka zilikuwa nyembamba, milimita 28, na jiwe moja lenye ncha likamaliza ile ya mbele. Hapa ndipo ningependa kila anayesoma asimame kidogo, kwa sababu ajali yetu ilianzia hapa, na haikufanana na ajali. Kaka alivua glovu ili afanye kazi vizuri. Akaamua kubandika kiraka badala ya kuweka mpira mpya, maana mpira wa akiba alikuwa nao mmoja na alitaka kuutunza. Gundi ya kiraka haishiki kwenye mpira wenye maji. Alikausha kwa shati, akabandika, kikafunguka. Akarudia. Dakika 25 tulisimama pale, yeye amepiga goti kwenye changarawe iliyolowa, jasho la kupanda limekwama chini ya koti, upepo unampiga mgongoni. Mwisho akaweka ule mpira mpya aliotakiwa kuuweka dakika ya kwanza.

Tulipopanda tena alikaa kimya. Nikamuuliza kama yuko sawa, akasema, "Niko sawa," lakini maneno yalitoka polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. Kilomita moja mbele, karibu na Dalnaspidal, alisimama kufunga zipu ya koti hadi shingoni. Alijaribu mara ya kwanza vidole vikateleza. Mara ya pili. Mara ya tatu akaiacha wazi, na mvua ikawa inamwingia kifuani. Kisha akatoa tende mfukoni. Ikamdondoka. Akaitazama pale chini kwenye changarawe, muda mrefu, asiiname kuiokota wala asitoe nyingine.

Nilikuwa nimewahi kufundishwa dalili za mwili unaopoa kupita kiasi: kutetemeka, vidole kushindwa kazi ndogo, maneno kuwa mazito, miguu kujikwaa, na akili kushindwa kuamua. Nilikuwa nazo mbili mbele yangu. Na juu ya hizo, ile tende.

Nikasema, "Kaka, turudi."

Akaninyooshea mkono kuelekea mbele. "Tumefika, mdogo wangu. Tukishavuka hapo ni mteremko mtupu."

Alikuwa anasema kweli, na kweli yenyewe ndiyo ilikuwa hatari. Kutoka juu ya pito hadi Dalwhinnie ni karibu kilomita 10 za kuteremka, na upepo ungekuwa usoni. Mtu anayeteremka hafanyi kazi, kwa hiyo mwili hautengenezi joto. Hewa ya nyuzi 5, ukikutana nayo kwa kilomita 40 kwa saa, ngozi kavu inaihisi kama nyuzi 1 chini ya sifuri, na ngozi yake haikuwa kavu. Vidole vilivyoshindwa zipu visingeweza kuvuta breki. Nyuma yetu, hata kama kulikuwa na kilomita zaidi ya 25 hadi Blair Atholl, upepo ungetusukuma, tungeshuka polepole, na kila kilomita ingekuwa na joto zaidi kidogo kuliko iliyopita.

Sikumweleza hayo yote. Sikuwa na muda, na sikuwa na ujasiri. Nililaza baiskeli yangu chini, nikaenda nikamfunga zipu mwenyewe kama mama anavyomfunga mtoto anayekwenda shule, nikashika usukani wake nikaugeuza kusini. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Aliniacha nifanye. Ningekuwa mkweli zaidi nikisema hakuwa na nguvu ya kunikatalia.

Nyuma ya ukuta wa mawe uliokuwa karibu nilimvua koti, nikamvisha sweta langu kavu lililokuwa ndani ya mfuko wa nailoni, nikamfunika kichwa kwa kofia ya sufu chini ya helmeti. Chai ya chupa, yenye sukari nyingi, nilimshikia kikombe mwenyewe. Nikampa tende tano moja baada ya nyingine. Alipoanza kutetemeka kwa nguvu na kulalamika kwamba vidole vinauma, nikashukuru Mungu, kwa sababu maumivu yale ni damu inayorudi. Tulirudi taratibu, mimi nyuma yake, nikimsemesha kila baada ya dakika chache na kusubiri jibu kabla ya kusema kingine.

Jioni hiyo, baada ya maji ya moto na supu, alikaa kitandani akiangalia ukuta. Nilijua anajilaumu, na nilikuwa najiandaa kuomba radhi. Akaniuliza, "Uliona nini kilichokufanya uogope vile?" Nikamsimulia: zipu, sauti, tende. Akatikisa kichwa. "Tende siikumbuki," alisema. "Mimi ndani yangu nilikuwa sawa kabisa. Nilikuwa nafikiri wewe ndiye umechoka."

Tulikaa kimya baada ya maneno hayo, wote wawili. Kila kitu nilichokuwa nimesoma kuhusu baridi kilikuwa kinaniambia nijichunguze. Na hapa alikuwa mtu ninayemwamini kuliko wengi, mwenye uzoefu kunizidi mara kumi, akiniambia kwamba baridi ilichukua kwanza kile kifaa cha kujichunguzia. Mwenzako ndiye anayekuona. Na kama mwenzako ni mdogo wako, au mkeo, au mgeni aliyeanza baiskeli mwaka jana, uwezo wake wa kukuokoa unategemea kama mlikubaliana mapema kwamba anaruhusiwa kusema.

Kwa hiyo tukakubaliana usiku huohuo, miguu ikiwa na joto. Yeyote akisema "turudi", tunageuza. Hakuna kuulizana sababu, hakuna kubembelezana, hakuna ukubwa wala udogo, mpaka tuwe chini ya paa. Maswali yatasubiri huko. Na tuweke saa: kama hatujafika mahali fulani saa fulani, tunageuza hata kama jua linawaka. Kaka akafungua mfuko wa huduma ya kwanza, akakata plasta pana ya kidonda, akaibandika juu ya usukani wake na kuandika kwa kalamu: Dalnaspidal, saa 3. Akakata nyingine, akabandika kwenye usukani wangu, akaandika vilevile. Hati yake ilikuwa bado inapindapinda.

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwezi Mei kule, saa hiyo jua limeshachomoza karibu saa nzima. Upepo ulikuwa bado haujaamka. Tulikuwa tumenunua mipira miwili ya akiba, na kila mmoja alikuwa na nguo kavu za juu ndani ya nailoni, kileleni mwa begi, mahali mkono uliokufa ganzi unaweza kuzifikia. Dalnaspidal tulifika saa mbili na dakika kumi. Kaka alipita pale tende ilipodondoka bila kupunguza mwendo, lakini niliona anatazama chini.

Tulisimama kabla ya kilele kuvaa makoti, tukiwa bado na joto la kupanda. Siku zote nilikuwa navaa juu kabisa, baada ya kupumzika, wakati jasho limeshapoa. Kuvaa dakika kumi mapema kuna thamani kubwa kuliko koti lenyewe. Juu ya pito milima miwili inatazamana na bonde, wenyeji wameiita Nguruwe Jike wa Atholl na Nguruwe Dume wa Badenoch, na asubuhi ile migongo yao ilikuwa na mistari ya theluji iliyobaki kwenye makorongo. Kulikuwa na kulungu upande wa magharibi, wengi, wamelala kwenye majani ya kahawia, masikio tu yakicheza.

Nilikuwa nimesubiri kwa hamu kuona pale maji yanapogawanyika. Nilitarajia alama kubwa. Ni nyika tu, bapa, imelowa, na vichaka vifupi vya hetha ambavyo vilikuwa bado havijachanua. Ukitembea hatua chache nje ya njia mguu unazama hadi kifundoni. Mboji ile ni mimea iliyokufa, hasa ukoga wa sphagnum, ambayo haikuoza kwa sababu maji yaliinyima hewa. Inajilimbikiza kwa takriban milimita moja kwa mwaka. Kwenye ukingo mmoja uliokatwa na kijito nilipima kwa pampu yangu ya baiskeli nikakadiria mita moja na nusu: miaka 1,500 ya majani yaliyolala juu ya majani, na ndani yake kisiki cheusi cha mti kutoka enzi ambazo pale palikuwa na miti. Nilikigusa. Kilikuwa laini kama sabuni iliyolowa. Sikushusha baiskeli nyikani na nakuomba nawe usishushe. Alama ya tairi kwenye mboji inageuka mfereji, mfereji unakausha, na kilichokauka hakirudi haraka.

Hatua chache kaskazini, kijito kilichokuwa kinakwenda nyuma yetu kilikoma, na kingine kikaanza kwenda mbele. Kile cha nyuma kinafuata Garry, Tummel na Tay hadi baharini upande wa Dundee. Hiki cha mbele kinafuata Truim na Spey hadi ghuba ya Moray Firth. Kaka alimwaga mabaki ya maji ya chupa yake pale katikati, tukasimama kuangalia yanakwenda wapi. Yalinywewa na ukoga palepale.

Bonde la Spey lilitupokea kwa siku mbili za raha, sina mengi ya kusema juu yake zaidi ya kwamba upepo ulikuwa mgongoni na misonobari ya zamani ilikuwa inanukia. Kutoka Carrbridge ukabaki mgongo mmoja mkubwa, Slochd, mita 405. Plasta zilikuwa zimeandikwa upya: Slochd, saa 5.

Mvua ilianza tulipouacha mto Dulnain. Haikuwa kubwa. Nilikuwa najisikia vizuri, nilikuwa mbele, na nilikuwa nimeshaanza kuifikiria Inverness. Tulikuwa na zaidi ya saa moja mkononi kabla ya saa ya kugeuza. Nikasikia nyuma yangu, "Mdogo wangu, turudi."

Niligeuka nikamtazama. Alikuwa ameketi wima juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, mkono mmoja umeshika koti langu la mvua. Nililiacha juu ya geti la kondoo nilipolifungua, kilomita mbili nyuma. Nilikuwa nimeendesha muda wote huo kwa shati, kwenye mvua, bila kugundua. Swali lilinifika mdomoni, nikalimeza. Nikavaa koti, nikageuza baiskeli, tukateremka hadi Carrbridge.

Slochd tulivuka kesho yake, saa tatu kasoro robo asubuhi. Plasta ilikuwa imelowa mpaka wino umetawanyika, na kwenye usukani wangu ilikuwa inasomeka herufi S na namba tano tu. Sijaibandua.